Vitabu vitatu vya kukuuguza

Korogwe,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Nimesikia habari ya mguu wako, na kwamba daktari amekukataza kutembea wiki sita. Pole sana. Kwa mtu aliyezoea kuamka alfajiri akafuate nyayo, najua kitanda ni kifungo. Umeniomba vitabu vya mawindo na pori. Nimempa kondakta wa basi vitatu, utumie kijana akavipokee Msamvu kesho mchana.

Anza na Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Usikiache ukidhani ni cha historia tu. Wakilindi ni ukoo wa wafalme wa Usambara, na mwanzilishi wao, Mbegha wa Nguu, alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaingia porini na mbwa wake, akawa anawinda nguruwe. Kila alikofika aliwagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Kisha akaua simba huko Vugha, na Usambara ikampata mfalme. Bibi yako alikuwa Msambaa, huenda alikusimulia. Lakini soma uone Kiswahili chenyewe, na jinsi mgao wa nyama ulivyomjengea mtu ufalme kabla hata ya huyo simba.

Cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote: Man-Eaters of Kumaon cha Jim Corbett, cha mwaka 1944. Kiingereza chake ni chepesi, utakimudu. Corbett alizaliwa India chini ya milima ya Himalaya, akawasaka chui milia wala watu kwa miguu, mara nyingi peke yake. Hasimulii bunduki, anasimulia masikio. Nyani akipiga kelele upande huu, paa akalia upande ule, yeye anajua mnyama amepita wapi na anaelekea wapi. Ni yale yale uliyonifundisha mwenyewe pale mtoni, uliponiambia ninyamaze niwasikilize tumbili.

Soma taratibu habari ya chui milia jike wa Champawat. Inasemekana aliua watu 436, Nepal na Kumaon kaskazini mwa India, mpaka Corbett alipompata mwaka 1907. Kabla ya kwenda alitoa masharti: zawadi iliyotangazwa ifutwe, na wawindaji wengine waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa pamoja na watu wanaoua kwa fedha. Na alipomkagua yule mnyama akakuta meno mawili ya upande wa kulia yamevunjika, moja hadi kwenye mfupa. Risasi ya zamani. Mtu alimpiga vibaya akamwacha, naye asiweze tena kukamata mawindo yake ya kawaida, akageukia binadamu. Hapo nilifunga kitabu, nikakaa kimya.

Uzeeni Corbett alibeba kamera zaidi ya bunduki. Alihamia Kenya, akafariki mwaka 1955, na kaburi lake liko Nyeri. Ukipona twende tukalizuru.

Cha tatu ni The Man-Eaters of Tsavo cha J. H. Patterson, cha mwaka 1907. Alikuwa akijenga daraja la reli mwaka 1898 simba wawili wasio na manyoya ya shingoni walipoanza kuwachukua wafanyakazi usiku kutoka kwenye mahema. Kinasisimua, lakini kisome kwa tahadhari. Patterson alikuja kudai waliouawa ni 135, na watafiti waliopima mifupa na nywele za simba hao wakakadiria kama 35 mwaka 2009. Pia yeye si msikilizaji kama Corbett, pori kwake ni adui. Ngozi za simba hao alizitandika sakafuni miaka mingi kabla ya kuziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Huko ikaonekana kwamba mmoja wao alikuwa na jino kubwa lililovunjika, mzizi wake umeoza.

Hamisi, wewe ndiye unayewaongoza vijana wenye leseni, na umewaambia mara ngapi wasiondoke kabla ya kumfuata mnyama waliyemjeruhi hadi mwisho. Wakija kukujulia hali, wasomee pale kwenye meno ya Champawat, uwatafsirie polepole.

Cha Patterson nirudishie, ni cha kuazima. Cha Corbett baki nacho. Mama Zuhura na watoto wanakusalimu, na asali ya Handeni uliyoniagiza nimeiweka kwenye kifurushi hicho hicho.

Wako,
Rajabu