Barua ya wazi kwa wauguzi vijana: kipimo cha sukari cha saa 12 asubuhi pekee hakitoshi

Wanangu,

Nimeuguza miaka 34 kabla ya kustaafu, na sikuwa na nia ya kuwaandikia. Kilichonishikisha kalamu ni siku nilizokaa kando ya kitanda cha mdogo wangu, aliyelazwa kwa pumu iliyombana vibaya. Alianzishiwa prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, miligramu 40 kila asubuhi. Dawa sahihi, dozi sahihi, na pumzi ikarudi. Lakini kufika siku ya tatu alikuwa anamaliza jagi la maji na kuomba lingine. Alikwenda msalani mara nyingi hadi akaona haya kuomba kushikwa mkono. Midomo imekauka, macho yanaona ukungu.

Nikamuuliza binti aliyekuwa zamu. Alinijibu kwa adabu, akanifungulia chati ya sukari, kwa milimoli kwa lita: 5.4, 5.8, 5.6. "Mama, sukari yake iko sawa, tunapima kila siku." Nikatazama safu ya muda. Vipimo vyote vitatu vilikuwa vya saa 12 asubuhi, kabla hajala.

Nikamwomba apime palepale, saa 11 jioni. Alisita kidogo, maana chati haikumwagiza, kisha akaleta mashine. Ikasoma 22.3. Akamwosha mgonjwa mkono, akaufuta, akatoboa kidole kingine. 21.9.

Binti yule si mvivu. Aliosha mkono kabla ya kurudia kipimo, na hilo lilinionyesha kwamba alifundishwa akasikia. Kinachoniuma ni kwamba alifundishwa jina la dawa, dozi yake na orodha ndefu ya madhara, akaikariri hadi mtihani ukapita, lakini hakuna aliyemkalisha chini akamwambia dawa hii inafanya kazi saa ngapi. Kwenye orodha ile "kupanda kwa sukari" limeandikwa, na yeye alilijua. Hakujua linatokea lini. Na nimeliona hili wodi baada ya wodi, mwaka baada ya mwaka, mpaka nimechoka kulisema kwa upole.

Sikilizeni basi. Prednisoloni ikimezwa saa 2 asubuhi, nguvu yake juu ya sukari hufika kileleni baada ya muda wa saa nne hadi nane, yaani kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni. Ini linaamrishwa kutengeneza glukosi mpya, yaani sukari ya damu, misuli inakataa kuipokea, na kongosho linashindwa kutoa insulini ya kutosha kuvunja ukaidi huo. Mgonjwa anakula chakula cha mchana katikati ya vurugu hiyo. Sukari inapanda alasiri, inabaki juu hadi usiku, kisha dawa inapungua nguvu, mgonjwa analala bila kula, na alfajiri damu imetulia. Ndipo nyinyi mnafika na mashine. Mnamhoji shahidi ambaye hakuwepo.

Kwa hiyo mgonjwa anayemeza steroidi asubuhi, hata kama hajawahi kuwa na kisukari maishani mwake, mpimeni baada ya chakula cha mchana au kabla ya chakula cha jioni. Kama ni mgonjwa wa kisukari tangu awali, pimeni kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Deksamethasoni, steroidi nyingine, ni habari tofauti, maana hukaa mwilini zaidi ya siku moja na nusu, na huyo hata alfajiri mtamkuta juu. Wala namba ndogo isiwalaghai. Mwaka 2020, deksamethasoni ilipothibitika kupunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliohitaji oksijeni, dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku. Watu wakaiona ndogo. Miligramu 6 hizo zinalingana na takriban 40 za prednisoloni.

Sasa upande wa pili wa jambo hilihili, ambao mimi mwenyewe nilijifunza kwa kumwumiza mtu. Nilikuwa na miaka miwili kazini. Baba mmoja mwenye kisukari alikuwa amepandishiwa insulini kwa sababu ya prednisoloni. Asubuhi moja daktari alipita, akashusha prednisoloni kutoka 40 hadi 20, akaenda zake. Insulini haikuguswa na mtu. Jioni nikasoma karatasi, nikavuta uniti zilezile, nikachoma, nikatia saini. Saa 8 usiku mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyeniita. Shuka limelowa jasho, ngozi baridi, baba ananitazama bila kunijua. Tulimwekea glukosi mshipani akarudi, akaniomba radhi kwa kunisumbua usiku. Saini ilikuwa yangu. Tangu siku ile, kila nilipoona steroidi imeshushwa nilimtafuta daktari kabla sijashika bomba la insulini. Mpigieni simu. Akikasirika, akasirike, kesho atakuwa ameshasahau.

Na steroidi haikatwi ghafla. Mtu akiitumia zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kotisoli, steroidi ya asili ya mwili wenyewe, kwa kuwa mwili unaona tayari ipo. Ukiikata siku moja, unamwacha mgonjwa bila ya kununua wala ya kwake. Shinikizo la damu linaporomoka, anatapika, analegea, sukari inashuka, na wengi hudhaniwa wana malaria au tumbo tu. Anahitaji haidrokotisoni, steroidi ya kuziba pengo la kotisoli hiyo, miligramu 100 ya sindano na maji ya mshipani mara moja. Mgonjwa wa namna hii anayetapika vidonge vyake msimwambie ajaribu tena kesho. Kidonge kilichotapikwa ni dozi iliyokosekana, na siku ya homa ndiyo siku mwili unaidai zaidi.

Mwelezeni kabla hajatoka wodini kwamba uso unaweza kuvimba, hamu ya kula itaongezeka, na usingizi utapotea akimeza dawa jioni. Mwanamke aliyejiona kwenye kioo uso umekuwa wa duara, na hakuna aliyemwonya, atatupa vidonge mwenyewe. Hapo msimwite mkaidi.

Mengine nayataja tu, kwa kuwa mnayajua na mnayasahau. Andikeni neno "uniti" kwa ukamilifu, maana herufi U ikikaa baada ya 10 husomeka 100. Insulini ivutwe kwa bomba la insulini, si bomba lolote lililo karibu. Mkichanganya insulini mbili, vuteni ile angavu ya muda mfupi kwanza, ndipo ile ya ukungu ya muda wa kati. Ya ukungu ibiringisheni taratibu viganjani, msiitikise. Glajini, insulini ya muda mrefu, haichanganywi na kitu. Mshipani wekeni ile angavu ya kawaida, kamwe si ya ukungu. Badilisheni sehemu ya kuchoma, uvimbe wa mafuta hunyonya dawa ovyo. Msichome insulini ya mlo kabla hamjauona mlo. Mgonjwa wa dawa za moyo za kundi la propranololi huenda asitetemeke sukari ikishuka, tazameni jasho. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, kwa mzee mwenye figo dhaifu huweza kushusha sukari, ikapanda kwa glukosi, kisha ikashuka tena, kwa hiyo akiamka msimwache. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ulizieni figo kwanza. Steroidi ya kuvuta kwa pumzi, mgonjwa asukutue mdomo kila baada ya kuitumia.

Nisiwalaumu nyinyi peke yenu. Tangu mwaka 1948, kotizoni, mojawapo ya steroidi, ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi na mgonjwa yule akaweza kutembea, watu wameipenda familia hii ya dawa kuliko inavyostahili kupendwa. Inaondoa maumivu upesi, inaleta hamu ya kula, inatuliza ngozi. Ndiyo maana deksamethasoni inamezwa na wasichana wanaotaka kunenepa. Ndiyo maana krimu zenye steroidi kali zinapakwa usoni ili kujichubua, na unga wa "mitishamba" ya viungo umekutwa mara nyingi umechanganywa na vidonge hivihivi. Kisha mtu anakuja wodini na sukari ya 25 na hamwulizi anapaka nini, kwa sababu swali lenu ni moja tu: unatumia dawa gani? Kwake yeye krimu si dawa. Ulizeni anachomeza, anachopaka, anachochomwa na anachokunywa kwa ajili ya maumivu, tena ulizeni bila kumkunjia uso, la sivyo atawaficha.

Na wale wanaopanga zamu za muuguzi mmoja kwa vitanda 40, halafu wanamwita ofisini kujieleza kwa kipimo cha alasiri kilichokosekana, barua hii iwafikie nao. Vipimo vinafanyika alfajiri si kwa sababu ya famakolojia, elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi. Vinafanyika alfajiri kwa sababu muuguzi wa usiku anataka kukabidhi zamu akiwa amejaza chati, na alasiri mikono haitoshi. Nimekuwa muuguzi huyo. Naijua miguu inavyowaka moto saa 10 jioni, dripu tatu zikiisha kwa pamoja na ndugu wa mgonjwa wakikuita mlangoni.

Mdogo wangu alianzishiwa insulini ya ukungu, asubuhi, pamoja na prednisoloni yake. Kilele cha insulini hiyo huja mchana, kinakutana na kilele cha steroidi njiani. Dozi moja ilivyoshuka, nyingine ikashushwa nayo.

Siku iliyofuata kile kipimo cha 22.3 nilikuwa nimesinzia kitini. Nilifumbua macho saa 10 jioni nikamkuta yule binti ameshafika na mashine bila kuitwa, anaandika 14.1 kwenye safu mpya aliyoichora kwa rula. Alipomaliza hakurudi mezani. Alihamia kitanda cha pili, kwa mzee aliyekuwa anameza prednisoloni kwa ajili ya viungo, akamwosha mkono, akaufuta, akamtoboa kidole.