Njia za baiskeli kuzunguka hifadhi zisipimwe kwa kilomita tu

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za safari za baiskeli kandokando ya hifadhi humpa msomaji mambo matatu: jina la hifadhi, jumla ya kilomita, na picha nzuri ya machweo. Kwa habari hizo peke yake mtu hawezi kupanga safari salama. Tunaomba kila njia inayochapishwa ielezwe kipande kwa kipande: lami inaishia wapi, changarawe inaanzia wapi, mchanga uko wapi, na kutoka maji hadi maji ni umbali gani.

Chukua mzunguko wa kilomita 130. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 20 huenda kama kilomita 16 kwa saa kwenye lami tambarare, 12 kwenye changarawe iliyoshindiliwa, na 6 tu kwenye mchanga laini, ambako kuna mahali utashuka na kusukuma. Ikiwa kilomita 64 ni lami, 48 ni changarawe na 18 ni mchanga, lami itakula saa nne, changarawe saa nne, na kale kamchanga kaliko kadogo kwenye ramani kataondoka na saa tatu. Hizo ni saa 11 za kukanyaga pedali, bila kula, bila kupumzika, bila pancha hata moja. Anayesoma "kilomita 130" anapanga siku moja, na giza linamkuta pembeni mwa msitu. Safari hiyo ni ya siku mbili.

Upande wa kuanzia nao utajwe, maana mzunguko uleule hubadilika ukiuzungukia kinyume. Mchanga hubeba tairi vizuri zaidi alfajiri na asubuhi, ukiwa bado na unyevu wa usiku. Ukishakauka, gurudumu la mbele linazama na usukani unayumba. Upepo nao kwa kawaida huongezeka mchana, kwa hiyo sehemu ya wazi ipitwe mapema na yenye miti iachwe kwa baadaye. Tena, jua likiwa chini jioni, usiwe unaelekea magharibi kwenye barabara ya magari. Dereva anayetoka nyuma yako anapigwa na jua usoni na hakuoni.

Kwenye matairi ndiko wageni hukosea zaidi. Kwa njia mchanganyiko tunapendekeza tairi la upana wa milimita 47 hadi 50. Mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 20 anaweza kuanza na upepo wa PSI 45 nyuma na 35 mbele (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), kisha arekebishe kidogo kidogo. Akifika mchangani apunguze kama PSI 10 kila tairi ili lipanuke na kuelea juu. Kosa ni kusahau kujaza tena kabla ya kurudi kwenye mawe: tairi laini likigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi. Ukiikagua utaona matundu mawili yaliyokaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka, na dawa yake ni kuongeza upepo. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kipande cha waya. Tundu upande wa ndani, unaotazama ringi, maana yake utepe wa ringi umehama na kichwa cha spoku kinaichoma tyubu. Hapo ukiziba bila kurudisha utepe mahali pake, utaziba tena baada ya muda mfupi.

Kabla ya kuingiza tyubu nyingine, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Ncha ya mwiba itanasa kitambaa, wakati kidole kingeweza kuchanika. Pancha ya pili inayokuja kilomita chache baada ya ya kwanza mara nyingi ni mwiba uleule uliobaki. Kiraka nacho kina utaratibu wake: kwangua kwa msasa, paka gundi nyembamba, subiri kama dakika tano hadi ipoteze mng'ao, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Ukibandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kitateleza na kubanduka. Wenye matairi yasiyotumia tyubu waweke mililita 60 hadi 90 za dawa ya kuzibia kwa kila tairi la upana huo, na wakumbuke kwamba joto huikausha upesi. Hata wao wabebe tyubu moja, kwa sababu mpasuko mrefu pembeni mwa tairi hauzibwi na dawa.

Mzigo usilundikwe wote nyuma. Ikiwezekana, kama asilimia 60 ikae nyuma na 40 mbele, chini na karibu na fremu. Barabara yenye mikunjo iliyojipanga kama bati hulegeza bolti za keria pole pole, na bolti moja ikidondoka, ile inayobaki inabeba mtikisiko wote hadi ikatike. Kila jioni zikaguliwe kwa spana ya aleni, ambayo kwa keria nyingi ni ya milimita 4, na zibebwe bolti mbili za akiba. Spoku zinazokatika kwa kawaida ni za gurudumu la nyuma upande wa cheni, nazo si za urefu sawa na za upande wa pili. Beba za saizi zote mbili.

Kuhusu maji: kwenye joto, nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Kipande cha kilomita 50 za changarawe kisicho na maji ni saa nne na zaidi, basi lita nne ndizo za kuanzia, na kila lita ni kilo moja inayobadilisha hesabu ya mwendo.

Ruhusa ni jambo la kuulizwa kabla ya kufunga mizigo. Hell's Gate nchini Kenya na De Hoge Veluwe nchini Uholanzi huruhusu baiskeli ndani ya hifadhi. Nchini Marekani, maeneo ya nyika yanayolindwa na sheria ya mwaka 1964 hayaruhusu. Programu za ramani hazijali hilo. Huona mstari mfupi unaokata katikati na kukupeleka kwenye njia ya doria au lango lisilopitisha baiskeli, na kurudi nyuma kunaweza kula siku nzima.

Wanyama hawasomi mipaka. Baiskeli haina mlio, kwa hiyo unaweza kumfikia mnyama mkubwa kabla hajakusikia, hasa kwenye kona yenye vichaka na upepo ukikupiga usoni, kwani harufu yako haimfikii. Mahali kama hapo punguza mwendo na zungumza kwa sauti. Usipite kati ya mama na mtoto wake. Ukikutana na mnyama wa jamii ya paka kama simba au chui, shuka, iweke baiskeli kati yenu, na rudi nyuma taratibu ukimtazama. Kukimbia huamsha silika yake ya kukimbiza. Ratiba imalizike angalau saa mbili kabla ya jua kuzama, maana jioni na alfajiri ndipo wengi wao huvuka barabara.

Jambo moja hatujawahi kuliona kwenye makala hizi, nalo linaihusu hifadhi yenyewe. Tope lililoganda kwenye matairi na viatu hubeba mbegu za magugu kutoka kwingine. Brashi ngumu na maji kidogo kabla ya kufika langoni vinatosha.

Mwisho, kila makala itaje mwezi na mwaka njia ilipopitwa. Kivuko kinachofika kwenye kifundo cha mguu wakati wa kiangazi kinaweza kufika kifuani baada ya mvua, na udongo wa mfinyanzi uliokuwa mgumu kama saruji hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Wapanda baiskeli wa safari ndefu