Barua kwa mwanangu kuhusu alama za lori la Burma

Morogoro

Mwanangu mpendwa Baraka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku hatujambo. Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba umemaliza kuunganisha modeli ya lile lori la Chevrolet la tani 3 katika uwiano wa 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko lori lenyewe, na nimefurahi zaidi kwamba umeziweka kando zile alama za jeshi la Kanada zilizokuja ndani ya boksi, ukataka liwe lori la Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kule Burma mwaka 1944, kwa heshima ya babu yako aliyeendesha malori huko. Umeniuliza ni alama zipi zichorwe na zikae wapi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaotengeneza modeli kwa mikono safi kabisa huharibu kazi yao: chuma kinakuwa sahihi hadi nati ya mwisho, halafu alama zinakuwa za mahali pengine na za mwaka mwingine.

Kwanza, lori lenyewe umelichagua vizuri. Viwanda vya Ford na Chevrolet vya Kanada viliunda zaidi ya magari 400,000 ya muundo huo wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, usukani ukiwa upande wa kulia kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na makoloni yake, na magari hayo yalifika Afrika Kaskazini, Italia, India na Burma. Kwa kuwa kioo cha mbele cha lori lako kimeinamia mbele kwa juu, basi hiyo ni kebini namba 13, iliyofuata baada ya namba 11 na 12. Kioo kiliinamishwa hivyo ili mwanga wa jua usirudi angani na kumwonyesha rubani wa adui gari lilipo. Kebini hiyo inafaa kabisa kwa mwaka 1944. Kama ungetaka lori la vita vya Ethiopia vya 1941, ningekuambia uliweke kabatini na utafute jingine.

Sasa alama. Kabla hujashika brashi, jiulize kila alama ilikuwa inajibu swali la nani. Hakuna iliyowekwa kwa ajili ya urembo. Chukua ile duara ya manjano yenye tarakimu nyeusi ambayo utaiona mbele ya malori mengi ya Uingereza ya wakati huo. Tarakimu ile ilikuwa ngazi ya uzito wa gari, na aliyeihitaji ni mwanajeshi wa uhandisi aliyesimama kwenye mlango wa daraja, ambaye naye alikuwa na tarakimu ya daraja lake: kama ya gari ilikuwa kubwa kuliko ya daraja, gari halikupita. Kwa divisheni ya babu yako jambo hili halikuwa dogo hata kidogo. Baada ya kuteremka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, kuanzia Tamu mwezi Agosti, askari wetu walikutana na Divisheni ya 5 ya India karibu na Kalemyo katikati ya Novemba, wakapita korongo la mto Myittha na kuingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo, juu ya mto Chindwin, likajengwa daraja la Bailey, yaani la vipande vya chuma vinavyounganishwa papo hapo, lenye urefu wa futi 1,154, yaani kama mita 352, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani. Kila lori lililovuka pale lilisomwa namba yake kwanza. Ukichora duara hiyo, ichore ukijua kwamba kuna mtu aliyekuwa akiitazama, na iweke mahali ambapo mtu aliyesimama mbele ya gari angeiona bila kuinama.

Alama ya pili ni ile ya divisheni. Ya divisheni yetu ni kichwa cha faru. Katika utaratibu wa jeshi la Uingereza, ambalo divisheni hiyo ilikuwa sehemu yake, alama ya divisheni ilikaa upande wa kushoto wa gari, mbele na nyuma, na upande wa kulia ikakaa alama ya tawi la jeshi. Kushoto na kulia hapa ni kwa dereva aliyeketi kwenye kiti chake, wala si kwa wewe unayelitazama lori kutoka mbele. Watu wengi huzigeuza kwa sababu hiyo tu. Umbo la pembe na mkao wa kichwa usivichukue kwenye mchoro wa mtu mwingine aliyeviona kwenye mchoro wa mtu mwingine. Makumbusho ya Vita ya Kifalme ya London yana mkusanyo mkubwa wa beji za kitambaa zilizoshonwa mabegani mwa sare, na beji ya kitambaa ni ushahidi bora kwa umbo na rangi, kwa kuwa ilivaliwa na askari wa kitengo hicho hicho. Ila kumbuka kwamba beji ilishonwa kwa mashine, lakini faru wa kwenye madigadi alichorwa na fundi rangi kwa brashi au kwa stensili iliyokatwa kambini, kwa hiyo asiwe na kingo kali mno.

Alama ya tawi ndiyo itakayokupa kazi. Ni mraba wenye rangi, na juu yake namba nyeupe. Rangi zilieleza kazi ya kitengo: mizinga ilikuwa nyekundu juu na buluu chini, mawasiliano meupe juu ya buluu, na kikosi cha huduma na usafirishaji kiligawanywa mshazari, nusu ya juu nyekundu na nusu ya chini kijani. Mraba ukiwa na mstari mweupe juu, kitengo kilikuwa chini ya kori, yaani kundi la divisheni kadhaa; mstari ukiwa chini, kilikuwa cha jeshi zima, yaani kundi la kori kadhaa. Cheti cha babu yako cha kuachishwa jeshi, ambacho nimekipiga picha na kukiambatisha, kinasema alikuwa EAASC, yaani kikosi cha huduma cha jeshi la Afrika Mashariki. Kwa hiyo nyekundu na kijani ndiyo mahali pa kuanzia. Cheti hakitaji kombania. Namba iliyochorwa juu ya mraba ilikuwa fumbo la kukificha kitengo machoni pa adui, na haiwezi kukisiwa kutokana na jina la kitengo. Zile orodha za namba zinazosambaa sana kati ya wapenzi wa modeli ni za divisheni za Uingereza zilizopigana Ulaya. Kuichukua namba ya Normandy na kuipeleka Kabaw kwa sababu tu ni kikosi cha huduma ni kosa ambalo jicho linalojua litalikamata mara moja. Acha mraba bila namba hadi uipate kwenye picha.

Namba ya usajili ni rahisi kidogo. Herufi ya kwanza ilitaja aina ya gari: L kwa malori makubwa kama lako, Z kwa magari madogo ya kubeba mizigo kama yale ya ratili 1,680, M kwa magari ya abiria, C kwa pikipiki, A kwa ambulensi. Iliandikwa kwa rangi nyeupe pande zote mbili za gari na nyuma. Usiitunge. Tafuta lori moja, picha moja, namba moja, uifuate hiyo hiyo.

Nyota nyeupe yenye ncha tano iliingia kwenye magari ya Uingereza kuanzia 1943 kama alama ya pamoja ya nchi washirika, ili marubani wasishambulie watu wao. Kwa 1944 inakubalika, lakini haimaanishi kila lori lilikuwa nayo kila mahali. Picha yako ndiyo iamue. Na kuna jambo moja dogo ambalo ningependa sana ulifanye vizuri, maana mimi mwenyewe nimeshinda maisha yangu chini ya malori: magari mengi ya Uingereza yalipakwa rangi nyeupe kwenye difu ya nyuma, na taa ndogo ikafichwa chini ya bodi kuimulika hiyo tu, ili dereva wa nyuma katika msafara wa usiku aufuate ule weupe huku taa kubwa zikiwa zimezimwa. Hilo ndilo lililomwongoza babu yako usiku. Lori lako likiinuliwa mtu akachungulia chini, aione.

Kuhusu picha zenyewe. Zile rasmi za vita vya Kusini-Mashariki mwa Asia katika makumbusho niliyoyataja huanza na herufi SE, na zinaweza kutazamwa kwenye intaneti. Zipo za askari wa Divisheni ya 11 katika barabara ya Kalewa. Zitazame kwa subira, maana picha ya rangi moja hudanganya kwa njia zake. Filamu iliyohisi rangi zote huonyesha nyekundu na kijani kama kijivu kinachokaribiana, na hivyo ule mraba wa kikosi cha huduma unaweza kuonekana wa rangi moja, mstari wa mshazari usionekane kabisa. Filamu ya aina ya zamani, isiyohisi nyekundu, huifanya nyekundu iwe karibu nyeusi, na hata manjano ya ile duara huzama. Kwa hiyo usitafsiri kijivu kuwa rangi kabla hujajua filamu ilikitendea nini kitu kingine unachokijua katika picha hiyo hiyo, kama vile rangi ya ngozi au majani. Pia chunguza kama picha imegeuzwa wakati wa kusafishwa: usukani ukiwa kushoto katika lori la aina yako, au herufi zikisomeka kinyume, basi kushoto na kulia vimebadilishana. Na ukiona doa lisiloeleweka mahali ambapo alama ilipaswa kuwa, huenda mkaguzi wa picha za vita aliikwangua makusudi, kwani vitambulisho vya vitengo havikuruhusiwa kuchapishwa. Hapo utakuwa umepata mahali pa alama, ingawa hukuipata alama yenyewe.

Vipimo uvipate kwenye gurudumu. Matairi ya lori hilo ni ya 10.50-20, kwa hiyo rimu ni inchi 20, sawa na milimita 508. Kwenye modeli yako ni milimita 14.5. Pima rimu kwenye picha, pima herufi iliyo ubavuni mwa gari hilo hilo, na uwiano wake utakupa ukubwa wa kweli. Herufi ya inchi 3 na nusu inakuwa milimita 2.5 kwenye modeli. Njia hii inafaa kwa vitu vilivyo kwenye ubavu ule ule wa gurudumu tu. Usiitumie kupima mraba ulio mbele wakati gari limepigwa picha kutoka ubavuni, kwa sababu umbali kutoka kwenye kamera umebadilika.

Shajara za vita za vitengo vya Burma zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, chini ya kundi WO 172. Wewe uko karibu nazo kuliko mimi, na ningependa uende. Shajara hazina michoro ya alama, lakini zinasema kombania ipi ilikuwa wapi tarehe ipi, na ukilinganisha tarehe na mahali pa picha utaweza kujua lori lile lilikuwa la nani. Nakuomba pia uangalie jambo jingine. Maelezo ya picha nyingi husema tu kwamba hawa ni askari wa Afrika Mashariki. Namba ya gari inasomeka wazi, na aliyelitoa lori lile kwenye tope la Kabaw hakuandikwa jina. Ukikuta jina la dereva popote, la Mtanganyika, Mganda, Mkenya au Mnyasa, linakili lote kama lilivyoandikwa, hata kama halihusiani na lori lako.

Magari yaliyokarabatiwa ambayo utayaona kwenye maonyesho huko Uingereza yatazame kwa ajili ya chuma: bawaba, ndoano za turubai, mkao wa taa. Rangi na alama zake ni chaguo la mwenye gari, na mara nyingi amechanganya miaka. Rafiki yako aliyekushauri ubandike nyota kwenye boneti kwa sababu aliona lori la namna hiyo kwenye maonyesho ana nia njema, lakini hilo si ushahidi.

Basi fanya hivi. Paka rangi ya msingi sasa, kijani kilichokolea, uchore difu nyeupe, halafu usimame hapo. Kila alama utakayoipata iandikie karatasi yake: picha ipi, tarehe ipi, nani ameitunza, na kitu gani hasa kinaonekana. Alama ambayo haitapata karatasi isichorwe. Tope usilitumie kufunika usichokijua. Lipake pale ambapo magurudumu yangelirusha kweli, yaani kwenye madigadi na sehemu ya chini ya bodi, na ikiwa litaufikia mraba, liufikie kwa sababu hiyo. Ukienda Kew, anza na miezi ya Agosti hadi Desemba 1944, na unitumie nakala ya kurasa zinazotaja malori hata kama mwandiko wake hausomeki. Mimi nitazisoma.

Ni mimi baba yako