Salamu za Pasaka kwa Wakristo wenzetu wa Mombasa

Ndugu na dada wapendwa, kwenu mlio kisiwani, Likoni, Kisauni na Changamwe, Bwana asifiwe. Nawatakieni Pasaka njema na yenye amani.

Sikukuu hii yenyewe iliwahi kubishaniwa na Wakristo. Karibu mwaka 155, Polikarpo, askofu wa Smirna, alisafiri hadi Roma akiwa mzee sana, akajadiliana na Askofu Aniketo kuhusu siku ya kuadhimisha Pasaka: Polikarpo aliifuata siku ya kumi na nne ya Nisani, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, kama alivyopokea kwa waliomtangulia, na mwenzake aliifuata Jumapili. Hakuna aliyemgeuza mwenziwe. Hata hivyo Aniketo alimpa mgeni wake heshima ya kuongoza Meza ya Bwana katika kanisa lake mwenyewe, wakaagana kwa amani.

Nami mwaka jana niligombana kwa jambo dogo kuliko hilo. Makanisa ya mtaani kwetu yaliandaa ibada ya pamoja ya alfajiri ufuoni, nikakataa katakata ngoma kupigwa kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa kwetu saa ile ni ya ukimya na sala. Mzee mmoja wa kanisa jirani akaona nimewadharau waimbaji wao, na maneno yakatutoka yasiyowapasa watu walio katika Kwaresima. Ijumaa Kuu jioni, mvua ya masika ikinyesha, alikuja kubisha hodi kwangu, viatu mkononi na suruali kaikunja hadi magotini kwa maji ya barabarani. Hakurudia hoja zake. Alisema, "Ndugu yangu, ngoma zitangoja jua. Ila yale niliyokutamkia, naomba unisamehe." Majibu niliyoyaandaa wiki nzima yakanikauka kinywani, nikamwomba radhi na mimi. Jumapili waimbaji wao waliketi mchangani, ngoma mapajani, kimya. Jua lilipotokeza baharini, mimi ndiye niliyewaashiria waanze.

Kufufuka kwa Kristo si jambo la kuachiana, maana Paulo asema kama hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure. Lakini Paulo huyohuyo, akiwaandikia Warumi waliobishania vyakula na siku, aliwataka wenye nguvu wauchukue udhaifu wa wasio na nguvu. Ngoma na kinanda, kanzu, kusimama au kupiga magoti katika sala, naamini vyote vimo humo. Ila anayeachia huku kinyongo kimebaki moyoni atakuja kulidai deni lake siku nyingine, na ndiyo maana mzee yule hakuishia kwenye ngoma.

Mwaka huu tutakutana palepale alfajiri ya Pasaka. Safari hii nimeomba mimi ngoma zianze gizani, naye ameomba tunyamaze kwanza dakika chache. Tutafanya yote mawili, kisha tutakunywa chai na mahamri pamoja. Karibuni nyote.