Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Mpeni Askari Nusu Saa ya Kumsomea Mwanawe

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha darasa la awali katika shule iliyo jirani na kambi ya jeshi. Kikosi kinapopangiwa operesheni, watu wako huhakikisha kila askari amechanjwa, amepewa vifaa na amejaza fomu ya ndugu wa karibu. Naomba liongezwe jambo moja: kila mwenye mtoto mdogo aondoke akiwa ameacha rekodi ya sauti yake akimsomea kitabu.

Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia baba atarudi baada ya miezi sita, hujamwambia kitu. Anachokiona ni kwamba saa ya kulala imefika na aliyezoea kumpakata hayupo. Majukumu ya taifa hawezi kuyaelewa, lakini anaweza kubakiziwa jioni yake: kitabu kile kile, kwa sauti ile ile. Watu wazima tunachoshwa na hadithi iliyorudiwa mara ishirini. Yeye ndiyo inayomtuliza. Na sauti huanza kuijua mapema mno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulionyesha kuwa mtoto mchanga, hata siku tatu hajatimiza, huitambua sauti ya mama yake na kuipendelea kuliko ya mwanamke mwingine.

Nina mwanafunzi ambaye mama yake ni mwanajeshi. Kabla ya kuondoka, mama alijirekodi kwa simu akisoma kitabu cha wanyama, na alipofika kwa tembo akakohoa. Sasa binti huyu akikifungua kitabu peke yake darasani, anasimulia kwa kufuata picha. Akifika kwa tembo anakohoa, kisha anaendelea. Kwake kile kikohozi ni sehemu ya hadithi.

Kwa hiyo hatuhitaji studio wala msomaji hodari. Asiyesoma vizuri aeleze picha, na kila mmoja atumie lugha inayozungumzwa nyumbani kwake. Amtaje mtoto kwa jina, amwambie wakati wa kufunua ukurasa, na kitabu chenyewe kibaki nyumbani ili mtoto afuatilie. Huko Marekani, shirika la United Through Reading limekuwa likiwarekodi wanajeshi namna hii tangu mwaka 1989. Kama hofu ni usalama, ofisa aisikilize rekodi kwanza, ajue hakuna mahali wala tarehe iliyotajwa.

Ninachosisitiza, Mheshimiwa, ni kwamba nusu saa hiyo iwe kwenye ratiba, kwa amri. Isiachwe kuwa hiari. Askari wa cheo cha chini hatakwenda kwa sajini wake, katikati ya pilikapilika za kufunga mizigo, kuomba ruhusa ya kusoma kitabu cha watoto. Ataona haya, na siku ya kuondoka itamkuta hajafanya.

Kurudi nako kuna mtihani wake. Mtoto wa miaka miwili akimwona mzazi aliyerudi, hujificha nyuma ya bibi, na mzazi huumia sana, ingawa ni jambo la kawaida kwa umri huo. Hapo usimlazimishe kukumbatiwa. Kaa chini, fungua kitabu anachokijua, anza kusoma. Wengi husogea wenyewe, taratibu, kuja kuangalia picha.

Yupo pia mzazi anayebaki, ambaye jioni huwa hoi. Maktaba ya kambi, pale ilipo, ifunguliwe jioni hata mara moja kwa wiki, awepo mtu wa kuwasomea watoto. Na familia inapohamishwa, ishauriwe vitabu vya mtoto visipakiwe kwenye lori. Viwe kwenye begi la mkononi, maana usiku wa kwanza katika nyumba ngeni ndipo vinapotakiwa.

Naomba waraka uwafikie makamanda kabla kikosi kingine hakijapangiwa safari. Vitabu vya kuanzia naweza kuazimisha kutoka darasani kwangu, na niko tayari kuja kambini kuwasaidia wazazi kuchagua vinavyolingana na umri wa watoto wao.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa darasa la awali