Kabla Hujatuletea Dawa ya Mitishamba Tuipime

Wiki haipiti bila mteja kuingia hapa kwenye maabara yetu Ngara na chupa ya unga wa kahawia, akiuliza kama tutampa karatasi inayosema dawa yake inatibu saratani. Hatutoi karatasi hiyo. Tunachotoa ni namba, na afadhali ujue namba hizo zinasema nini kabla hujalipa.

Kipimo cha antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia chembe haribifu zisidhuru seli, ni rahisi. Kemikali iitwayo DPPH ikiyeyushwa kwenye methanoli, aina ya alkoholi, huwa zambarau iliyokolea. Tunatia dawa yako, tunaiacha gizani nusu saa, kisha mashine inasoma rangi iliyobaki kwa mwanga wa nanomita 517. Zambarau ikigeuka njano, antioksidanti zimo. Vitamini C tunaipima kando ili tulinganishe. Lakini usikimbilie kuchapisha lebo: hata chai ya Kericho huifuta rangi hiyo vizuri tu.

Kipimo cha seli ndicho chenye kazi. Hicho tunakipeleka kwenye maabara ya chuo tunayoshirikiana nayo, maana chumba cha kukuzia seli si cha mfuko wetu. Seli za saratani, tuseme HeLa za saratani ya shingo ya kizazi, hulelewa kwenye nyuzijoto 37 na kutiwa dawa kwa viwango mbalimbali. Baadaye huongezwa MTT, kemikali ya njano ambayo seli zilizo hai huigeuza zambarau. Mtego uko hapo: dawa iliyojaa antioksidanti inaweza kuigeuza MTT yenyewe, pasipo hata seli moja, rangi ikafanana na ya seli hai, na dawa ikaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Kwa hiyo tunadai kuwe na visima, yaani vishimo vya sahani ya kupimia, vyenye dawa bila seli.

Tunadai pia ipimwe kwenye seli zisizo za saratani, kama Vero, zilizotokana na figo ya tumbili. Sabuni nayo huua seli za saratani kwenye sahani! Inayoua zote sawasawa ni sumu tu.

Wengi hututajia vinkristini, dawa ya saratani ya hospitalini, kwamba imetoka kwenye ua. Kweli, ua la Catharanthus roseus, linalopandwa kama pambo. Ila hospitalini hutolewa ikiwa imesafishwa, kwa kipimo kidogo mno, kupitia mshipa. Majani yenyewe yana sumu, usiyachemshe.

Sasa, unga. Unga hauna uso. Tuletee tawi lenye majani, na maua ukiyapata, tulipeleke kwa wataalamu wa mimea walitambue. Majani au magome ya kupimwa yakaushe kivulini.

Tuambie pia wateja wako wanaitumiaje. Kama wanachemsha na kunywa, tutapima dondoo la maji, yaani kile maji yanachotoa kwenye mmea, hata kama la methanoli lingependeza zaidi kwenye ripoti. Mara nyingi la maji hutoka dhaifu, na namba hiyo ndiyo tutakayoiandika.