Barua ya malalamiko: Mmebadilisha vifaa vya kompyuta yangu bila kuniuliza

Nyegezi, Mwanza
14 Aprili 2025

Meneja Mauzo,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA VIFAA VYA KOMPYUTA VISIVYOLINGANA NA PROFOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhariri wa video za harusi, sendofu na vipaimara, na ofisi yangu ni chumba cha uani hapa Nyegezi. Tarehe 7 Machi nililipa Sh 7,200,000 katika tawi lenu la Mwanza mjini ili nipate vifaa vya kuunga kompyuta moja ya nguvu. Hizo ni harusi za mwaka mzima, nimezidunduliza moja moja. Machi niliichagua makusudi: Kwaresima na Ramadhani shughuli zinapungua, nikaona nitapata nafasi ya kuiunga na kuizoea kabla ya Idi na Pasaka, maana baada ya hapo hakuna Jumamosi ya kupumua.

Kabla ya kulipa nilikaa na kijana wenu wa mauzo karibu saa mbili nzima. Nilimweleza kazi yenyewe ilivyo: video za 4K, kamera tatu, mara nyingine na droni juu ya ziwa, na bibi harusi anayetaka filamu yake Jumatano. Tukapanga pamoja, kifaa kwa kifaa. Prosesa Ryzen 9 7900X, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya B650, kadi ya grafiki RTX 4070 Ti Super yenye GB 16, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 64 kwa vijiti viwili vya 32, SSD (diski ya kuhifadhia) ya NVMe, aina ya kasi kubwa, ya TB 2, na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 850 yenye nembo ya ufanisi ya 80 Plus Gold. Profoma ikachapwa, ikagongwa muhuri. Ninayo hapa mezani.

Mzigo ulipofika siku kumi baadaye, vifaa vitatu havikuwa tulivyoandikiana. Nikauliza. "Kaka, stoo vimeisha, tumekuwekea mbadala, ni kitu kilekile." Nakiri kosa langu: nilisaini hati ya kupokea mzigo nikiwa nimesimama mlangoni, bodaboda ananipigia honi nje.

Nianze na pawasaplai, kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye boksi imeandikwa 850W kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipoishika nikashangaa wepesi wake; ile yangu ya zamani ya wati 500 ni nzito kuliko hiyo. Nikaigeuza ubavuni kwenye lebo yenye herufi za sisimizi: +12V, 38A. Chukua kalkuleta ya simu, zidisha 12 kwa 38. Unapata 456. Hizo ndizo wati za njia ya volti 12, na ndiyo njia inayolisha prosesa na kadi ya grafiki. Prosesa ile ikipewa kazi nzito inakula mpaka wati 230. Kadi, 285. Tayari 515, na feni bado hatujazihesabu. Nembo ya 80 Plus haipo, si ya dhahabu wala ya rangi yoyote. Na adapta ya kadi inataka waya mbili za pini nane. Mlichonipa ni waya mmoja uliogawanyika mbele kuwa vichwa viwili. Pawasaplai hiyohiyo nimeikuta rafuni kwenye tawi lenu kwa Sh 95,000. Mimi kwenye profoma nimelipishwa 480,000.

Kinachotokea ni hiki. Kusikiliza muziki, kuandika, hata kukata vipande vya video, mashine inakwenda vizuri. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), dakika chache tu, paa! Haigandi, haileti kioo cha bluu cha hitilafu. Inazima kama mtu amechomoa waya ukutani. Harusi ya Jumamosi ya kwanza baada ya Idi ilizimia kwenye asilimia 63 mara nne, palepale wanapoingia ukumbini gizani na mimi nimeweka kichujio cha kuondoa chenga kwenye picha, kazi inayoikamua kadi kwelikweli. Mwishowe nilibeba diski mpaka Igoma kwa rafiki yangu, nikarendea kwake usiku, nikarudi alfajiri.

Tawini niliambiwa ni umeme wa Mwanza unayumba. Siku hiyo taa ilikuwa inawaka, feni inazunguka, friji inanguruma, na mashine ilikuwa kwenye UPS, betri ya akiba. Nikaambiwa basi ni joto. Prosesa hiyo imetengenezwa kuhimili mpaka nyuzi 95. Ilipozima ilikuwa inasoma 78. Mara ya tatu nikaambiwa ni wale wadudu wa ziwani wameingia kwenye feni. Ni kweli wanakuja, tena jioni nyingine wanapanda kutoka majini kama moshi, lakini keisi yangu ina wavu na wavu naupangusa kila wiki. Rafiki yangu wa Igoma alipokuja na pawasaplai yake, wati 850 za kweli, tukaifunga kwenye mashine hiyohiyo, chumba hichohicho, umeme huohuo. Ilirenda saa tatu bila kukohoa.

SSD nayo. Itazameni karibu na meno yake ya dhahabu: ina mapengo mawili. Ya NVMe niliyolipia huwa na pengo moja. Mliyonipa ni ya M.2 (umbo la kadi ndogo nyembamba), ndiyo, inaingia kwenye nafasi yake na kukaa vizuri, lakini inaongea SATA, lugha ya zamani na ya polepole, na kitabu cha mazabodi mliyoniuzia nyinyi wenyewe kinasema nafasi zake za M.2 zinapokea NVMe peke yake. Kwa hiyo mashine haiioni kabisa. Hata ingeiona, SATA haifiki MB 600 kwa sekunde, wakati NVMe nzuri ya kizazi cha nne inagusa 7,000. Fundi wenu alitaka nirudishe mazabodi eti ni mbovu.

RAM mtasema 64 ni 64. Lakini mmeniletea vijiti vinne vya 16, na kwa prosesa hizi AMD wenyewe wanaahidi kasi ya 5200 (MT/s, kipimo cha mwendo wa RAM) kwa vijiti viwili na 3600 tu kwa vinne.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Kazi niliieleza. Sikuomba mbadala.

Ninachotaka ni vifaa vitatu vilivyo kwenye profoma, viletwe Mwanza kwa gharama zenu ndani ya siku 14. Kama kweli stoo havipo, nirudishieni fedha za vifaa hivyo kwa bei mliyoandika, nitavitafuta mwenyewe. Msinipe "kredit" ya kununulia kitu kingine dukani kwenu. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka profoma, risiti ya EFD na picha za lebo Tume ya Ushindani.

Vifaa vyote vitatu nimevirudisha kwenye maboksi yake. Pawasaplai sijaifungua kava lake, stika yake ya waranti ni nzima. Atakayeleta vingine aje pia na ile skrubu ndogo ya kubania SSD, maana kwenye boksi la mazabodi, ambalo niliambiwa ni jipya, haikuwemo.

Wenu,
Mteja, tawi la Mwanza
(namba ya simu ipo kwenye risiti)